Mvinyo mwekundu mzito kwa nyama choma: ununue upi kwanza?

Mwezi wa nane, wakati wa mavuno ya pili ya zabibu, nilikwenda Hombolo nje ya mji wa Dodoma kumsalimia shangazi. Mkononi nilikuwa na chupa ya mvinyo mwekundu niliyoinunua Dar es Salaam. Lebo yake ilinivutia, na neno "Sweet" lililoandikwa pembeni kwa herufi ndogo sikulitilia maanani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, mbavu ziko motoni."

Alitafuna nyama kwanza, akaonja mvinyo wangu, akaiweka glasi chini taratibu. "Huu ni mzuri, ila tuutunze, jioni tutakunywa na karanga. Nyama ya mafuta inataka mvinyo unaokaba ulimi kidogo." Akaingia ndani, akarudi na chupa isiyo na urembo wowote, mvinyo mkavu, yaani usio na utamu wa sukari, wa zabibu za Makutupora Red. Nikang'ata ubavu, nikapiga funda moja. Mafuta yaliyokuwa yameganda kwenye kaakaa yakaondoka, kinywa kikawa kama kimesuuzwa, na mkono ukarudi wenyewe kwenye sinia. Nilipoijaribu tena chupa yangu, sukari iligombana na chumvi, na nyama ikaniacha na ladha ya jamu.

Tangu siku ile, swali langu la kwanza dukani si bei wala nchi. Najiuliza kwenye sinia kutakuwa na nini. Mwongozo huu wa mivinyo mitano, wa kwanza hadi wa tano, nimeupima kwa sinia moja tu, lile ambalo wengi wetu hulinunulia mvinyo: mbavu za mbuzi za mkaa, chumvi ya kutosha, ndimu, kachumbari, ugali, na pilipili pembeni. Ukibadilisha sinia, mpangilio nao utabadilika, na nitasema wapi.

Unanunua ukakasi

Aliyekula zambarau utotoni tayari anaufahamu mvinyo mwekundu mzito, hata kama hajawahi kugusa glasi. Zambarau lililoiva hukupa utamu kwanza, kisha uchachu, halafu ulimi unakauka na kugeuka rangi. Kule kukauka ndiko ukakasi. Ni ule ule wa bibo, wa ndizi mbichi, wa chai ya rangi iliyosahaulika kwenye birika mpaka ikawa nyeusi. Katika zabibu unatoka kwenye maganda na mbegu, na wataalamu huuita tanini. Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, ndiko unakopata rangi na ukakasi. Mweupe kwa kawaida hukamuliwa, maganda yakawekwa kando kabla maji ya zabibu hayajaanza kuchacha.

Tanini hupenda kushikana na protini. Ukinywa mvinyo mzito peke yake, tanini hushika protini za mate, mate yanapoteza utelezi, na hapo ndipo kinywa kinapokauka. Ukiwa umetafuna nyama, protini na mafuta yake huupokea ukakasi ule kabla haujayafikia mate yote. Chumvi nayo hupunguza uchungu. Kwa hiyo mvinyo uliokukunjisha uso ukiwa umekaa sebuleni unaweza kuwa mtamu kabisa ukikutana na ubavu. Ninawaomba sana watu wasiuhukumu mvinyo mzito kwa funda moja la tumbo tupu. Wengi wameacha kununua mvinyo mkavu kwa sababu hiyo hiyo, wakahamia kwenye ya sukari, na sahani zao hazijawahi kupata msaada wowote.

Kuna mambo mawili zaidi kwenye sinia letu ambayo miongozo ya Ulaya haiyagusi sana. La kwanza ni ndimu. Ukiikamua juu ya nyama, mvinyo wenye uchachu mdogo unapooza, unaonekana kama maji yenye rangi. Nyama yenye ndimu inataka mvinyo ambao nao una uchachu wake. La pili ni pilipili. Kilevi huongeza moto wa pilipili, na ukakasi mwingi huufanya uwashe zaidi. Mvinyo wa asilimia 15 ukikutana na pilipili mbuzi, atakayeumia ni wewe. Kama nyumbani kwako pilipili haiwekwi pembeni bali inapakwa kwenye nyama, chagua mvinyo wa asilimia 12 au 13, mwepesi wa ukakasi.

Dukani

Tafuta neno "Dry" kwenye lebo, au "kavu" kwa baadhi ya mvinyo wa nyumbani. "Semi-sweet" na "Sweet" ni za sukari. "Natural sweet" pia ni ya sukari, na neno hilo la kwanza limewapoteza wengi. Kama lebo haisemi chochote na mvinyo ni mwekundu kutoka eneo linalojulikana, mara nyingi huwa ni mkavu, lakini muulize muuzaji. Kisha angalia asilimia ya kilevi. Chini ya 12 kwa mvinyo mwekundu, ama ni mwepesi ama sukari yake haikuchacha yote. Kati ya 13 na 14.5 ndipo mivinyo mingi mizito ilipo.

Jambo ambalo watu hawaliangalii, na ambalo limeniharibia fedha kuliko jingine lolote, ni mahali chupa ilipokaa. Nilinunua chupa moja katika duka ambalo rafu ya mvinyo iko kwenye dirisha linalopigwa na jua la alasiri. Nyumbani nikakuta kizibo kimejisukuma juu ya mdomo wa chupa, na chini ya karatasi ya shingoni kuna unato wa mvinyo uliovuja. Ndani kulikuwa na harufu ya zabibu zilizochemshwa na siki kwa mbali. Joto ndilo lililofanya hivyo. Siku hizi naipapasa shingo ya chupa kabla ya kulipa. Kizibo kiwe sawasawa na mdomo au chini yake kidogo, mvinyo uwe umefika shingoni, pasiwe na unato. Na chupa ya bei nafuu katika duka linalouza haraka huwa salama kuliko chupa ya bei kubwa iliyopigwa vumbi miaka miwili chini ya taa.

Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya mvinyo duni. Kwa joto la pwani mimi nakipenda, maana hakikauki kama kizibo, wala hakileti ile harufu ya boksi lililoloa ambayo kizibo kibovu huiachia kwenye mvinyo.

Nafasi ya kwanza: Pinotage ya Rasi, Afrika Kusini

Hii ndiyo ninayomwambia mtu anunue akinipigia simu akiwa dukani na mkaa tayari umewaka.

Pinotage ni zabibu ya Afrika kwa kuzaliwa. Mwaka 1925, huko Stellenbosch, mtaalamu wa zabibu Abraham Izak Perold alichavusha Pinot Noir, zabibu tete yenye harufu nzuri, kwa Cinsaut, zabibu inayovumilia jua. Wakati huo Cinsaut iliitwa Hermitage huko Rasi, yaani eneo la Cape, na ndipo jina Pinotage lilipotoka. Perold alipata mbegu nne tu, akazipanda kwenye bustani ya nyumba yake ya chuo, kisha akahamia kazi nyingine. Miche ilikaribia kung'olewa bustani iliposafishwa. Ikaokolewa na mhadhiri kijana aliyekuwa akipita na aliyejua ni nini. Mwaka 1959 mvinyo wa Pinotage kutoka shamba la Bellevue ukashinda maonyesho ya Cape Town, na mwaka 1961 ukauzwa chupa ya kwanza yenye jina la zabibu hiyo kwenye lebo, chini ya jina la Lanzerac.

Nilimimina glasi moja wiki iliyopita nikiwa naandika haya. Ukiinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, katikati ni nyekundu iliyokolea kiasi kwamba vidole havionekani nyuma yake, na pembezoni kuna utepe wa rangi ya zambarau, dalili kwamba bado ni kijana. Ukiuzungusha na kunusa, kwanza linakuja tunda la forosadi, kisha plamsi iliyoiva ile ya Lushoto, halafu nyuma yake moshi, kama harufu inayobaki kwenye shati ukitoka kwenye jiko la mkaa. Huo moshi ndio sababu ya nafasi ya kwanza. Funda la kwanza ni tunda, ukakasi unakuja pembeni ya ulimi karibu na magego, na mwishoni kuna uchungu mdogo wa kahawa unaokaa muda. Uchachu wake unatosha kuihimili ndimu. Nyama iliyochomwa ina ukingo mweusi wenye uchungu wake, na mvinyo huu una uchungu unaofanana nao, basi vinapokelewa kama vimetoka jiko moja.

Kwenye lebo tafuta Stellenbosch, Paarl au Swartland. Tangu 1973 Afrika Kusini ina utaratibu wa kuthibitisha asili ya mvinyo, na maneno "Wine of Origin" au herufi WO mbele ya jina la eneo yana uzito wa kisheria. Ukiona "Bush Vine", maana yake mizabibu imeachwa ikue kama kichaka bila kufungwa kwenye waya. Mara nyingi ni mizabibu yenye umri, zabibu zake ni chache na zimekolea. Hiyo ndiyo ya kununua ukiwa na fedha ya ziada. Ukitaka ya bei ya kati, nunua ya karibuni, ya miaka miwili au mitatu nyuma.

Pinotage ina maadui wake, na malalamiko yao si ya uongo. Ikichachushwa kwenye joto bila uangalizi hutoa harufu ya vanishi au rangi ya kupaka ukutani, na nyingine hunuka ndizi mbivu kupita kiasi. Ukikutana na vanishi, badilisha mtengenezaji, usiikimbie zabibu.

Kuna pia Pinotage ya kahawa. Mtindo huu ulianza mwaka 2001 kwenye shamba la Diemersfontein, ambako mbao za mwaloni zilizochomwa sana ziliupa mvinyo harufu ya kahawa na chokoleti. Watu wengi wanaupenda na umewafungulia mlango wageni wa mvinyo mwekundu. Kwa nyama choma mimi siununui, maana harufu ya mbao inaizima nyama. Ni mzuri na keki ya chokoleti.

Nafasi ya pili: mvinyo mkavu wa Dodoma

Shangazi atanisamehe kwa kuuweka wa pili. Mizani yangu ni chupa ambayo msomaji ataikuta na ambayo leo itakuwa kama ilivyokuwa jana. Hapo mvinyo wa Dodoma bado una safari. Ukivuka mipaka ya Tanzania hauonekani kwa urahisi, na chupa mbili za jina moja zinaweza kutofautiana.

Lakini ukiipata iliyotunzwa vizuri, ina kitu ambacho hakuna nyingine katika orodha hii iliyonacho. Mizabibu ililetwa na wamisionari Wakatoliki, ikapandwa Bihawana mwaka 1957. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kavu, mchana jua kali na usiku baridi. Kwa kuwa hakuna majira ya theluji, mzabibu haulali. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi: akipogolea, baada ya miezi michache anavuna. Ndiyo maana Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, mara moja karibu na msimu wa mvua na mara ya pili kati ya Agosti na Septemba. Shangazi huamini mavuno ya kiangazi. Anasema mvua huipa zabibu maji na ukungu, jua huipa sukari na ganda gumu, na nilipozitafuna zote mbili nilikubaliana naye. Za Agosti zilikuwa ndogo, ngumu kidogo, na ganda lake liliacha ukakasi ulimini muda mrefu baada ya kutema mbegu.

Makutupora Red, iliyopewa jina la eneo la Makutupora kilipo kituo cha utafiti wa zabibu, hutoa mvinyo wa rangi iliyokolea lakini wenye ukakasi wa kadiri na uchachu wa wazi. Kuna harufu ya zambarau hasa, na udongo mkavu uliodondokewa na mvua ya kwanza. Na sinia la mbavu unashika nafasi ya pili. Na pilau ya nyama ya ng'ombe yenye bizari, mdalasini na karafuu, ningeuweka wa kwanza bila kusita, kwa sababu hauna harufu nyingi ya mbao ya kugombana na viungo, na ukakasi wake hauchochei ukali wa pilipili manga. Jaribu pia na ndizi nyama, au na maini ya kukaanga yenye vitunguu vingi.

Wakati wa kununua, uwe makini na jambo moja. Mvinyo wa Dodoma unaojulikana zaidi mitaani, Dompo ukiwa mmojawapo, ni wa sukari. Mtu akisema "nipe waini ya Dodoma" bila kuongeza neno, kuna uwezekano mkubwa akapewa mtamu. Sema "mkavu", kisha isome lebo mwenyewe.

Nafasi ya tatu: Malbec ya Mendoza, Argentina

Waajentina ni wachoma nyama kama sisi. Asado yao ni moto wa kuni, chumvi na subira, na Malbec ndiyo inayokaa mezani. Zabibu yenyewe ilitoka Ufaransa, eneo la Cahors, ambako mvinyo wake ulikuwa na rangi nzito hata ukaitwa mweusi. Mwaka 1853 mtaalamu Mfaransa Michel Aimé Pouget alipeleka miche ya zabibu za kwao Argentina, Malbec ikiwemo. Kwenye miinuko ya Mendoza, chini ya milima ya Andes, ikaiva kuliko ilivyowahi kuiva kwao.

Ni mvinyo unaopendwa mara ya kwanza. Tunda jeusi lililoiva, ukakasi laini kama mahameli, hakuna kona kali. Nikimpa mgeni aliyezoea mvinyo wa sukari glasi yake ya kwanza ya mvinyo mkavu, nampa huu. Mbona basi uko wa tatu? Ni kwa sababu ya ndimu na kachumbari. Malbec nyingi za bei ya kati zina uchachu mdogo, na baada ya vipande viwili vya nyama iliyokamuliwa ndimu mvinyo unaanza kulala. Wewe unayekula nyama ya ng'ombe kwa chumvi tupu, steki nene yenye damu kidogo katikati, upandishe mpaka wa kwanza. Ukiona Valle de Uco kwenye lebo, chukua hiyo: mashamba yake yako juu zaidi, usiku kuna baridi zaidi, na uchachu unabaki.

Nafasi ya nne: Shiraz ya Barossa, Australia

Mvinyo mkubwa kuliko yote hapa. Bonde la Barossa lina mizabibu ya Shiraz iliyopandwa mwaka 1843 na inazaa mpaka leo. Utakuta chokoleti, tunda lililopikwa, pilipili manga, na kilevi cha asilimia 14.5 au 15. Kwa rosti nzito ya ng'ombe au makongoro yaliyochemka usiku kucha hadi mchuzi ukawa mzito wa kunata, hakuna unaoufikia. Kwa sinia letu kuna pilipili pembeni, na hapo ndipo unapoanguka. Tena kwenye joto la Dar au Mombasa, glasi ya pili inachosha. Zabibu hiyo hiyo ikiandikwa Syrah kutoka Swartland huwa nyepesi na yenye pilipili manga zaidi, na ningeinunua kabla ya ile ya Barossa kwa ajili ya mbuzi.

Nafasi ya tano: Cabernet Sauvignon ya Maipo, Chile

Imeshika mkia, lakini si mvinyo mbaya. Punje zake ni ndogo na ganda ni nene, kwa hiyo ukakasi ni mwingi, na kuna harufu ya pilipili hoho ambayo wengine huipenda. Inahitaji mafuta mengi. Ubavu wa mbuzi wa kienyeji aliyekonda hauitoshi, na utabaki na kinywa kikavu. Nunua siku ya nyama ya ng'ombe yenye mafuta, au siku ya kitimoto. Chile ina zabibu nyingine, Carménère, ambayo kwa miaka mingi wakulima waliidhani ni Merlot, zabibu nyingine nyekundu ya Ufaransa, mpaka mwaka 1994 mtaalamu kutoka Ufaransa alipoitambua mashambani. Ina hoho nyingi kuliko Cabernet lakini ukakasi mpole. Na kachumbari yenye hoho inapatana vizuri mno, na kama duka lina zote mbili kwa bei moja, chukua Carménère.

Je, ya sukari haina kazi?

Inayo. Chupa yangu ile tulikunywa jioni na karanga za kukaanga, ikiwa imepozwa sana, na shangazi alikuwa na haki: ilikuwa nzuri. Kashata ya karanga pia inaipokea. Na nyama iliyopakwa pilipili mpaka macho yanatoa machozi, hapo sukari hutuliza moto ambao mvinyo mkavu ungeuchochea. Nisichokubali ni kuiweka mezani na mbavu za chumvi kisha kusema mvinyo mwekundu hauendi na nyama.

Samaki msiweke hapa. Mvinyo mwekundu mara nyingi una madini ya chuma ya kutosha kuamsha ladha ya shombo mdomoni, na changu wa kuchoma aliyekuwa safi ataonekana kama amelala.

Joto, glasi na kiasi

Miongozo mingi husema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba kinachosemwa ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dar mwezi wa pili kina nyuzi 30, na mvinyo wa nyuzi 30 hutoa harufu ya kilevi tu, tunda linapotea. Weka chupa kwenye friji dakika 30 hadi 40 kabla ya kula. Usiisahau humo siku nzima, maana baridi kali huongeza ukakasi na kuua harufu. Kama uko kwenye sherehe nje na hakuna friji, ndoo ya maji yenye vipande vya barafu hufanya kazi hiyo kwa robo saa.

Mvinyo kijana mzito ufungue nusu saa mapema na uumimine kwenye jagi safi la kioo. Kuufungua tu na kuuacha ndani ya chupa hakusaidii, kwa sababu hewa inaufikia kwenye shingo peke yake. Ukiumimina unapata hewa wote, na ukakasi unalainika kwa namna utakayoisikia mwenyewe ukiuonja kabla na baada. Glasi ijazwe theluthi moja ili pabaki nafasi ya kuzungusha na kunusa. Anayejaza hadi mdomoni, harufu yote inamwagikia mezani.

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za kawaida. Wageni kumi wa mchana kwa glasi mbili kila mmoja ni chupa nne, na mimi hununua tano, kwa sababu moja inaweza kuwa na kizibo kibovu. Hizo tano usizichukue zote za jina geni. Nunua moja wiki moja kabla, uionje na kipande cha nyama, ndipo urudi. Na kwenye karamu ya kwetu daima kuna wasiokunywa kwa imani yao, au kwa kuwa ndio wenye funguo za gari. Watengenezee choya: maua makavu yaliyochemshwa, yakapoa, na sukari kidogo sana. Yana rangi ile ile, uchachu ule ule na chembe ya ukakasi, na yanakata mafuta ya mbuzi vizuri kuliko soda yoyote.

Mvinyo uliobaki uzibe na uurudishe kwenye friji, hata kama ni mwekundu. Utakaa siku tatu, pengine nne. Ukianza kuchachuka, mimina glasi moja kwenye sufuria ya nyama ya mchuzi mara tu vitunguu vinapoiva, kabla ya nyanya, na uuache uchemke mpaka ile harufu kali ya kilevi iishe.